Neno Nililopewa Njiani

Mwadi mwanangu,

Umekwenda kuagana na wenzako wa kwaya, na kwaya yenu haijui kuagana kwa ufupi, kwa hiyo meza ni yangu mpaka jua lishuke. Sanduku lako liko mlangoni. Sitakuandikia habari za sanduku, wala za chakula, wala za wanaume wa Lubumbashi; hayo mama wa kanisani wamekuambia mpaka masikio yako yamechoka. Nakuandikia kwa sababu ya makala uliyonisomea Jumapili.

Ulinisomea umesimama, mkono mmoja kiunoni, kama ninavyosimama mimi darasani. Ulipomaliza uliniuliza, "Mama, iko namna gani?" Nikasema ni nzuri. Ukanikumbatia. Halafu nikaenda jikoni kukoroga sombe ya majani ya muhogo iliyokuwa imeiva zamani, nikasimama pale mpaka ikashika chini ya sufuria. Ulidhani ninalia kwa sababu unaondoka. Kwa hilo pia, ndiyo.

Makala ni nzuri kweli, na ndiyo maana naiogopa. Ingekuwa mbaya ningenyamaza, kwa sababu makala mbaya haimdhuru mtu, mwisho wake ni kufungia karanga. Hii yako itasomwa. Jumamosi ijayo gazeti lililokupa kazi litaichapa, na watu wanaoishi kando ya lile shimo jipya la mgodi, wale wanaoambiwa sasa wahame, watasikia kwamba wakatae. Watasikia kwamba wasimame kama alivyosimama kambo yako, bibi yako Mama Numbi, aliyeona afadhali kufia ndani ya nyumba ya mume wake kuliko kuiacha. Umeandika, "Kambo yangu hakuinama." Na mkuu wako wa Lubumbashi amekujibu kwamba sentensi hiyo peke yake ilitosha kukupatia kazi.

Sentensi hiyo uliitoa kwenye kile kipande cha gazeti unachokitunza ndani ya Biblia. Kipande hicho nilikiandika mimi, na si kweli. Kuna neno la kambo yako ambalo nililikata. Leo ni miaka kumi na minne nakaa nalo, na kama ungekuwa unaondoka kwenda kuuza vitambaa ningeendelea kukaa nalo mpaka kaburini. Lakini unaondoka kwenda kufanya kazi niliyoifanya mimi, na unaianza pale pale nilipoangukia.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Si kujitetea. Au labda ni kujitetea, utaamua mwenyewe.

Unajua kwamba niliandika katika gazeti dogo la Tata Kasongo hapa Kolwezi. Gazeti lote lilikuwa la Kifaransa, isipokuwa ukurasa wa mwisho, ambako alitaka maoni ya Kiswahili kila wiki. Aliuita "Neno la Jumamosi." Alimtafuta mwalimu kwa sababu aliamini walimu wanajua kuandika. Walimu tunajua kusahihisha, na hiyo ni kazi nyingine kabisa. Makala yangu ya kwanza ilihusu vumbi la malori ya migodi. Ilikuwa imejaa "ni lazima": ni lazima wakubwa wa mji, ni lazima wazazi, ni lazima sisi sote. Niliona nimeandika jambo kubwa.

Gazeti lilipotoka nilikwenda kulisikiliza. Unamkumbuka Ilunga wa teksimoto. Nilimfundisha mimi, mtihani wa mwisho ulimshinda, lakini kusoma alisoma kama padri. Kila Jumamosi aliegemea pikipiki yake pale kituo cha karibu na soko, akawasomea wenzake gazeti lote kwa sauti, na Kifaransa akikigeuza papo hapo kwa wasiokijua. Wauza vocha walikuja, wanunuzi walisimama na mizigo yao. Mimi nilijifanya ninachagua karanga, mgongo nimewageuzia. Alipofika kwenye sentensi yangu ya tatu akasema, "Hii iko ya kanisa," akafunua ukurasa wa mpira. Watu wakacheka. Nilirudi nyumbani na hasira, hasa kwa sababu niliyemfundisha kusoma ni mimi.

Jumamosi iliyofuata nilirudi, na nyingine, na nyingine. Nilikula karanga nyingi mwaka ule. Nilikuwa naangalia Ilunga anaacha kusoma wapi, kisha nyumbani naweka alama pale pale kwenye nakala yangu. Nikianza na shauri, alikatisha. Nikianza na mama fulani anayechuja maji ya bomba kwa kitenge kabla ya kumnywesha mtoto, alisoma mpaka mwisho. Nikichanganya mambo mawili aliruka moja, na mara nyingi aliruka lile nililolipenda. Nikitania kidogo alirudia mara mbili. Nikitukana, watu walicheka sana, kisha wakaondoka bila kubishana, na kesho yake hakuna aliyekumbuka nilitaka nini.

Na kulikuwa na mzee mmoja, mstaafu wa mgodi, ambaye alisimama daima pembeni na mikono kifuani. Kazi yake ilikuwa kusema "Lakini." Nilimchukia karibu mwaka mzima. Kisha siku moja niliandika ile "lakini" yake mwenyewe, kabla hajaisema, tena nikaiandika vizuri kama vile angeisema yeye siku ya akili zake zote. Nilimwona akishusha mikono. Akasikiliza mpaka mwisho, na alipoondoka alikuwa anaongea peke yake. Siku hiyo nilielewa kwamba msomaji haanzi kukuamini kwa sababu tu unajua kusema. Anakuamini akiona kwamba hoja yake nayo umeikaribisha, ukaipa kiti, ukaisikiliza mpaka ikamaliza.

Hayo ndiyo yote ninayoyajua juu ya kuandika maoni, mwanangu. Yaliyobaki ni mapambo. Na nilikuwa nimekwisha kuyajua siku nilipomwandika kambo yako, kwa hiyo sina ruhusa ya kusema kwamba nilikosa kwa ujinga.

Mtaa wenu wewe unaukumbuka kidogo tu. Ulikuwa ng'ambo ya reli, na chini yake kulikuwa na madini. Mtu mmoja alichimba choo, akakuta jiwe zito la rangi, na baada ya miezi michache kila nyumba ilikuwa na pazia ambalo mgeni hakutakiwa kulifunua. Nyuma ya pazia kulikuwa na shimo, na shimo lilishuka, kisha likatembea chini ya nyumba ya jirani, aliyechimba na asiyechimba. Kampuni ilikuja ikitaka watu wote wahame. Iliahidi nyumba nyingine upande wa barabara ya Lubudi. Nusu ya mtaa walitaka kutia sahihi, nusu walikataa, na ndugu wa tumbo moja waliacha kusalimiana.

Mimi nilisoma zile karatasi za kuhama. Hazikusema nyumba ipi, hazikusema maji yatatoka wapi, hazikusema lini. Nilikasirika, na nilikuwa na haki ya kukasirika. Niliamua kuandika kwamba watu wasitie sahihi. Kwa hiyo nilihitaji mtu mmoja, uso mmoja, jiko moja, na darasani kwangu, dawati la pili, kulikuwa na mtoto mdogo aliyekuwa anajisifu kila siku kwa parachichi za kambo yake.

Mama Numbi alinipokea vizuri. Aliniwekea kiti na kutandika kitambaa juu yake. Mama yako mzazi, Aimée, alileta chai, akakaa mlangoni akichambua maharage. Kambo yako alinisimulia jinsi mume wake alivyonunua kiwanja kile kwa miaka ya kazi ya chini ya ardhi, jinsi alivyopanda ule mti wa parachichi mwaka aliozaliwa Aimée. Alipiga ukuta kwa kiganja na kusema, "Hii nyumba njo mume wangu," kana kwamba ule ukuta ndio yeye. Niliandika haraka. Nilijua, hata kabla sijamaliza chai, kwamba Ilunga hataruka mstari.

Kisha akanisindikiza.

Unajua desturi yetu, ingawa ninyi vijana mnamsindikiza mgeni kwa simu. Nyumbani watu husema maneno ya kiti na kikombe. Yale yaliyomleta mtu, au yaliyomkaa mwenyeji moyoni, hutoka njiani, mnapotembea bega kwa bega bila kutazamana. Mtu hukaa kwako nusu siku akisifu chai, na mkifika penye kona ndipo anakuambia kwamba mtoto wake yuko hospitali. Mama yangu aliponituma kwa watu, niliporudi hakuniuliza walisema nini. Aliniuliza walinisindikiza mpaka wapi na walisema nini huko.

Kambo yako alinisindikiza mpaka kwenye reli. Alivua kitambaa chake kichwani, akakifunga upya, na bila kunitazama akasema:

"Madame, mi nilisha kuchoka na hii nyumba. Busiku niko nasikia bantu banachimba chini ya kitanda. Banipe ile ingine, hata kama iko kadogo. Mi nataka kulala."

Nililiandika neno lile pale pale, nimesimama kwenye mawe ya reli, chini kabisa ya ukurasa. Mwandiko umepinda kwa sababu daftari lilikuwa juu ya mkono.

Nilipofika nyumbani nikaandika makala kwa mkao mmoja. Ilikwenda yenyewe: jiko, mti wa parachichi, kiganja ukutani. Nilipofika kwenye neno la reli, makala ikasimama. Nilijaribu kuliweka mwanzoni, nikalijaribu katikati, nikalipeleka mwisho. Kila nilipoliweka, Mama Numbi wangu hakuwa tena yule mama niliyemhitaji. Basi nikalikata. Nilijiambia kwamba huo ni uchovu wa mzee, maneno ya kupita, na kwamba neno lake hasa ni lile alilosema ndani ya nyumba akiwa ametulia. Mimi, niliyelelewa na mama yule niliyekueleza, nilikaa kwenye meza hii na kujifanya sijui maneno ya njiani ni kitu gani.

Mahali pake niliandika, "Mama Numbi hainami."

Tata Kasongo alisoma akiwa amesimama. Alikuwa karani wa reli huko Tenke kabla ya gazeti, mtu wa kuuliza swali moja tu. Aliniuliza, "Na mama mwenyewe anataka kubaki?" Nikajibu kwamba anataka. Alinitazama kidogo, kisha akaitia makala kwenye bahasha ya kwenda kiwanda cha kuchapia. Alikufa akiniamini.

Jumamosi ile Ilunga alisoma bila kupumzika. Nilisahau hata kushika karanga. Yule mstaafu hakusema "lakini," kwa sababu nilikuwa nimeiondoa kabisa, hata yeye hakuliona pengo lake. Ilunga alipomaliza, mtu mmoja akasema, "Hatuhame." Wakawasha pikipiki zao, wakaenda kumsalimia kambo yako, wengine walimpelekea sukari na sabuni. Wiki ile ile watu waliokuwa wameandikisha majina walikwenda kuyafuta.

Nitakuambia jambo ambalo wakubwa wako wa gazeti hawatakuambia. Nilifurahi. Sikuwahi kufurahi vile, si siku ya ndoa yangu, wala siku nilipopata diploma. Nilitembea mjini nikasikia sentensi zangu midomoni mwa watu nisiowajua. Nilirudi hapa Dilala, katika nyumba hii ya zamani ya kampuni, yenye kuta za matofali na ardhi ambayo haina kitu chini yake, nikalala usingizi mzuri. Ni mahali pazuri sana pa kuwaambia wengine wasihame.

Kambo yako alikuja shuleni siku chache baadaye, wakati wa mapumziko. Ulimkimbilia, akakupa parachichi, akakutuma ukacheze. Alikuwa na lile gazeti, amelikunja ndani ya kitenge. Kusoma hakujua, alikuwa amesomewa, tena mara nyingi, na watu waliokuja kumpongeza.

Aliniuliza kwa upole, "Madame, ile neno nilikuambia mu njia, haukuisikia?"

Nikasema, "Niliisikia, mama."

"Basi sasa nitaenda namna gani? Bote banasema mi njo mwenye alikatala. Nikiweka jina, batasema nilikula feza ya kampuni."

Ningeweza kwenda siku hiyo hiyo kwa Tata Kasongo. Ukurasa ulikuwa wangu, Jumamosi ilikuwa karibu. Ningeandika kwamba nilikosea, Ilunga angesoma, watu wangenicheka majuma mawili, na kambo yako angepata njia ya kutoka bila aibu. Badala yake nilimshika mkono na kumwambia avumilie kidogo. Nilimwambia kampuni italegea, italeta karatasi nzuri zaidi, na yeye atahama akiwa na heshima yake. Alitikisa kichwa kama mtu anayemsikiliza daktari. Nilimsindikiza mpaka kwenye lango la shule, na njia nzima hakusema kitu.

Mvua zikaanza. Siku yenyewe unaikumbuka kwa namna yako na sitaki kuigusa sana. Ilikuwa asubuhi, mlikuwa mnanakili sentensi ubaoni. Ilunga alikuja mlangoni amelowa, akaniita nje, akaniambia nyumba tatu zimeshuka. Hakusema zimeanguka. Nilimuuliza zipi, na nilijua kabla hajajibu. Nilirudi ndani, nikakuona umeinamia daftari, ulimi nje kidogo, unaandika vizuri. Nilikuacha umalize ule mstari. Sijui kwa nini. Nafikiri nilitaka uwe na mstari mmoja zaidi.

Kambo yako walimpata siku ya pili. Mama yako Aimée hawakumtoa, unajua. Wala wale waliokuwa wanachimba chini yao; hao hata majina yao hatukuyapata yote.

Kwenye kilio watu walikaa mpaka barabarani. Na katikati ya kilio Ilunga alisimama, akatoa kile kipande cha gazeti, akakisoma. Wanaume wakalia wazi. Walisema huyu ndiye mama aliyekufa kwa ajili ya nyumba yake. Wewe ulikuwa magotini pangu, ukaniuliza kama ni kambo yako wanayemsoma, nikasema ndiye. Umeniambia mara nyingi kwamba ulijisikia mkubwa siku ile. Mimi niliisikia makala yangu ikifanya kazi kuliko siku zote, nikainamisha kichwa juu ya nywele zako, na watu walidhani nasali.

Baba yako alikuwa amekwenda upande wa Tenke kutafuta kazi na hakurudi. Mjomba wako wa Lubudi alikuwa na watoto saba ndani ya vyumba viwili. Kanisani pasta aliuliza ni nani atamchukua mtoto, na mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Walinisifu. Mpaka leo wananisifu, na kila sifa huwa naimeza kama dawa ya kwinini. Kuhusu gazeti, nilimwambia Tata Kasongo kwamba majonzi yamenishinda, siwezi kuandika tena. Hilo nalo lilikuwa kweli nusu.

Miaka miwili uliniita Madame ndani ya nyumba hii. Madame, naomba maji. Madame, mvua inanyesha. Kisha siku moja, ukiwa darasa la nne, uliingia na kidole kimekatika kidogo, ukaniita mama bila mwenyewe kugundua. Nilikifunga kile kidole, na kuanzia hapo nikawa mwoga kabisa. Mtu asiye na kitu hasemi uongo mwingi. Mimi nilikuwa nimepata kitu.

Nilijiambia nitakuambia ukifika miaka kumi na miwili. Kisha nikasema ukimaliza mtihani, kisha ukipata diploma. Kesho yangu ilikuwa ndefu. Na wakati wote ule nilikusikia chumbani ukijisomea kile kipande kwa sauti, ukijifunza wapi sauti ipande na wapi ishuke. Nilikuwa nakulisha kwa mkono mmoja bukari na kwa mkono mwingine ule uongo, na ulinenepa kwa vyote viwili.

Sasa sikiliza kitu kimoja cha kazi, halafu nitakuacha. Miaka hii yote nimeiandika upya makala ile kichwani, nikilirudisha neno nililolikata mahali pake. Siku ya kwanza nilifanya hivyo ili nijiumize. Lakini nikaona jambo nisilolitazamia, kwamba makala haikuvunjika. Ilikuwa hivi:

Mama Numbi anaipenda nyumba yake, na amechoka nayo. Anapiga ukuta kwa kiganja anasema huyu ni mume wangu, na akifika kwenye reli anasema anataka kulala. Yuko tayari kuhama kesho. Lakini karatasi aliyoletewa haisemi anahamia nyumba ipi, wala atachota maji wapi. Basi tusimuulize Mama Numbi kama atabaki au ataondoka. Tuwaulize walioandika karatasi: mama huyu atalala wapi?

Soma hiyo kwa sauti. Yule mstaafu angeshusha mikono. Ilunga asingeruka. Na nusu mbili za mtaa, waliotaka kutia sahihi na waliokataa, wangekuta wote wamo ndani, wakaenda pamoja kudai jambo moja. Sijui kama kampuni ingejibu. Labda isingejibu, na mvua ingenyesha vile vile. Lakini kambo yako angekuwa huru kubeba godoro lake na kwenda kwa mjomba wako Lubudi hata siku ile ile, na hakuna ambaye angemwita msaliti. Nililikata neno lile nikidhani linapunguza nguvu. Nguvu yote ilikuwa humo.

Sikwambii usichape makala yako. Wewe ndiye mwandishi, na jina litakalokuwa juu ni lako. Pengine watu wa shimo jipya wanataka kweli kubaki. Sijui, na nafikiri wewe nawe hujui bado. Uliniambia ulikwenda kwao mara moja, ulikaa, walikupa chai na wakaongea vizuri sana. Nilitaka kukuuliza Jumapili kama kuna aliyekusindikiza, nikaogopa ungeniuliza kwa nini naulizia. Kabla ya Jumamosi kuna siku nne za kurudi kwao. Basi za Lubumbashi zipo kila siku, na hata mkuu wa gazeti anaweza kungoja.

Ndani ya bahasha nimetia ule ukurasa wa daftari. Mwandiko wa juu ni mzuri, wa chini umepinda. Ni maneno ya kambo yako ya kweli, na nadhani ndiyo ya mwisho aliyowahi kumwambia mtu aandike. Kile kipande cha gazeti fanya nacho unavyotaka.

Kesho kituoni kutakuwa na kelele na mizigo na mama wa kanisani, na mimi ni mwoga, ningekupungia mkono tu. Kwa hiyo nimeweka barua juu ya sanduku, si ndani yake, uione leo. Chukulia kwamba hapa ndipo kwenye reli, nimekusindikiza mpaka hapa.

Nakupenda, Mwadi. Nilianza kukupenda kwa hofu, na sijui hofu iliisha lini na upendo ukabaki peke yake, lakini umebaki peke yake miaka mingi sasa. Sikuombi unisamehe jioni hii, una mambo ya kutosha.

Niko uani, naanua nguo. Ukimaliza kusoma, njoo, au usije. Na kama lile jina la kidole kilichokatika haliwezi tena kutoka kinywani mwako, niite kwa lile la kwanza. Nitaitika.

Mwalimu wako wa darasa la pili.